Profesora na Fagio la Zaituni

Watu wa Palma, mji wetu wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, walimwita Profesora, na mimi sitamwita vingine. Jina lake analo, na wanaolijua kwa maandishi wako katika nchi ambazo mimi sijafika, ingawa nimefika kwingi. Kwetu alikuwa Profesora tu: mwanamke mrefu wa bara, wa huko juu kwa Wamakonde, aliyefundisha hesabu na komputador katika skola ya sekondari, na aliyepanga nyumba ya bati iliyopakana ukuta na ya dada yangu.

Nilikuwa jirani yake kwa vipande vipande, kwa sababu mimi ni mtu wa njia. Nimepakia korosho Mtwara, nimeendesha lori la chumvi Nampula, nimeuza vipuri Pemba ya huku kwetu, si ya kisiwani. Kila niliporudi Palma nilimkuta pale pale barazani, mashine mapajani, akisoma kwa sauti ya chini vitu ambavyo si Kireno wala Kiswahili. Kwa hiyo ninayoyaandika ni ya mtu aliyeonekana kupitia mlango unaofunguliwa na kufungwa. Lakini kuna jambo lake moja ambalo nililiona mpaka mwisho. Msimu mmoja wa mvua alishindwa kusema ndiyo kwa kitu alichojua kuwa ni chema, kwa sababu kukikubali kulimaanisha kufuta kazi ya mpwa wangu Zaituni, aliyekwisha kufariki.

Kwanza niieleze kazi yenyewe, kama alivyonieleza mimi niliyeishia sekondari. Mashine haielewi maneno yetu. Ziko lugha zilizotungwa ili mtu aandike maagizo na mashine iyafuate. Nyingine zina makampuni yanayozimiliki. Hii aliyoishughulikia haikuwa na mwenyewe. Imeandikwa na watu wa kila pembe, wengi hawajapata kuonana. Kila mmoja analeta kipande chake mbele ya wenzake. Wanakisoma, wanakigombania, wakikubaliana kinaingia, na kuanzia hapo yeyote duniani anakitumia.

Yeye aliingia kwa ugomvi. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi kwa lugha ile, akaona programu ndogo kabisa inajikokota kwenye mashine za skola. Akawaandikia wenyewe kulalamika. Wakamjibu kwamba hakuna wenyewe. Kama ameona ubovu, karibu, autengeneze.

"Nikasema, ala!" aliniambia. "Kumbe ni kama kisima cha mtaa. Ukikuta kamba imekatika, wewe ndiye fundi."

Akaunga kamba, na hakuondoka tena kisimani. Baada ya miaka wakamkabidhi sehemu nzima aitunze, ile inayohusu wepesi. Wengine waliongeza mambo mapya katika lugha. Yeye kazi yake ilikuwa kutafuta mahali inapopoteza muda na kuupunguza. Siku aliyofuta mistari mingi kuliko aliyoandika aliihesabu kuwa siku ya baraka. Alimwambia dada yangu kupitia ukutani, "Mama Zaituni, leo nimetupa!" na dada alimjibu, "Hongera, mwenzio leo nimetupiwa, paka kala samaki."

Ukimuuliza kwa nini ajisumbue kwa sehemu ya sekunde ambayo hakuna jicho linaloiona, alikuwa na jibu lake. "Ukimwibia kila mtu punje moja ya mchele, hakuna atakayelia. Lakini wewe utakuwa na gunia." Aliona ucheleweshaji kama wizi, na wizi mbaya zaidi ni ule usioonekana.

Na bado yeye mwenyewe alikuwa mtu wa polepole kupita kiasi. Alitembea kwenda skola kama anayesindikiza mgonjwa. Wali wake ulianza kupikwa watu wakila na kuiva watu wakilala. Saa ya ukutani kwake ilisimama tangu ahamie na hakuinunulia betri. Nikamtania siku moja: "Profesora, wewe unatibu uzito wa mashine, mbona wako huutibu?"

"Haraka ni ya mashine, Mjomba," akasema. Aliniita Mjomba kwa sababu Zaituni aliniita hivyo. "Mimi nimeumbwa nisubiri. Na wewe umeumbwa nini, kila tukikuzoea unafunga begi?"

Nikacheka.

Alikuwa Mkristo wa kanisa kila Jumapili, lakini siku yake ilipangwa na msikiti. Adhana ya alfajiri ilipotoka, taa yake iliwaka. Muadhini wetu, mzee mcheshi, alipenda kusema barazani, "Wenye imani nawaita wanageukia ukuta. Anayeamka ni Mmakonde!" Profesora akimsikia alijibu bila kuinua kichwa: "Shehe, wewe adhini tu, mimi nitajua ninachoamkia."

Alichoamkia ni baridi. Na hapa lazima nisimulie kosa lake kubwa, ambalo yeye mwenyewe hakulificha.

Kijana mmoja wa nchi ya mbali alileta mabadiliko ya namna lugha ile inavyounganisha maneno marefu. Alidai yanaharakisha. Profesora akapima, kama ilivyo wajibu wake: akaendesha ya zamani, akaendesha mpya, akalinganisha. Mpya ikaonekana nzito zaidi. Akakataa kwa adabu. Kijana akalalama. Profesora akapima tena, siku nyingine, kwa saa ile ile aliyotoka skola, na jibu likawa lile lile. Akakataa mara ya pili, safari hii bila adabu nyingi. Kijana akaacha kuleta chochote.

Zaituni wakati huo alikuwa mwanafunzi wake, amekuja kuazima chumvi. Akapitisha mkono juu ya mashine, akaurudisha upesi. "Profesora, hii ina homa!"

Ilikuwa mchana, chini ya bati, mwezi wa joto. Mashine ikipata moto mwingi hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Profesora alikuwa akianza na ya zamani mashine ikiwa bado na nafuu, anamalizia na mpya ikiwa inatokota. Alikuwa amepima bati. Kesho yake akaamka na adhana, ukuta ungali na umande, akapima upya, na kijana akaonekana alisema kweli.

Aliandika mbele ya wenzake wote, si kwa faragha. Nakumbuka kwa sababu alinisomea kwa Kiswahili kabla ya kutuma: kosa ni langu, kijana huyu alikuwa sahihi, nilipima mchana chini ya paa la bati. Wenzake wa nchi za baridi wakauliza, bati limeingiaje? Akawaeleza. Wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka, wakaweka kanuni ambayo naambiwa ipo mpaka leo: anayeleta vipimo aseme na hali ya chumba alichopimia. Yule kijana alirudi. Lakini Profesora alisema kuna wengine aliowakataa mchana kabla yake ambao hawakurudi, na hao hakuwa na namna ya kuwapata. Jambo hilo lilimkaa. Tangu siku ile hakumkataa mtu kabla ya kupima alfajiri.

Sasa Zaituni. Mwana wa dada yangu alikuwa mtu wa kelele. Aliimba akifua, aliimba akisoma, aligombana na kuku. Profesora alimpenda kwa sababu alikuwa haogopi kumwambia mtu mzima kwamba amekosea, na akambebesha kazi pale pale. Alipomaliza skola akawa si mwanafunzi tena bali mwenzake, wawili barazani, mashine mbili, wakitupiana maneno.

"Zaituni, hii umeandika au umetapika?"

"Nimetapika, Profesora. Nikikaa chini ntaandika."

Programu ikifanya kazi huacha taka katika kumbukumbu ya mashine, vitu vilivyotumika mara moja na visivyohitajika tena. Lazima kuwe na kitu cha kufagia, la sivyo mashine inajaa na kusimama. Mfagiaji wa lugha ile alikuwa akisimamisha kazi yote ili azoe uwanja mzima kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye mashine kubwa za ughaibuni haikuwa taabu. Kwenye zetu ilikuwa kama kuzimiwa enerjia, umeme wa mtaa mzima.

Zaituni alikuwa akifagia uwanja wa mama yake kila asubuhi, na hakufagia wote. Alifagia mlangoni na jikoni, palipokanyagwa jana. Nyuma ya choo alifagia Ijumaa. Akasema mfagiaji wa mashine naye afanye hivyo: apite mara nyingi kwenye vitu vipya, kwa sababu ndivyo vinavyogeuka taka upesi, na vilivyokwisha dumu aviache vitulie. Profesora akamwambia wazo hilo wakubwa wamekwisha liwaza zamani, lina vitabu vyake. Zaituni akasema, "Basi mbona humu halimo?" Akakaa nalo mwaka na zaidi. Likakataliwa, likarekebishwa, likakataliwa, likaingia. Wenzao wakaliita fagio la Zaituni, kwa jina lake hilo hilo, na kila mtu aliyeitumia lugha ile, Brazil au Bara Hindi, fagio lile lilipita nyuma yake bila yeye kujua. Dada hakuelewa ni nini, ila aliwaambia majirani kwamba mwanawe anafagia dunia.

Profesora alikuwa na msemo wa kuwafundishia watoto jambo hili darasani: "Vingi hufa vichanga, vinavyodumu siku ya kwanza, hudumu." Aliuandika ubaoni kila mwaka.

Vita vilipofika Palma, watu walikimbia kila mmoja kwa njia aliyoikuta wazi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa Ruvuma. Dada alivuka kwa mashua ya jamaa. Zaituni alijikuta na kundi lililoelekea bara, njia ya Pundanhar, kwa miguu. Homa ilimshika njiani, na hakukuwa na dawa. Alizikwa kando ya njia, mbele ya Pundanhar, na waliomzika wametawanyika. Wawili niliowapata hawakukubaliana ni mahali gani. Nimeipita njia ile mara kadhaa tangu hapo. Kila kichuguu nakitazama.

Watu waliporudi, Profesora naye alirudi, akapewa darasa lake, sasa halina mashine hata moja. Aliandika ubaoni kwa chaki. Wanafunzi wake wa zamani waliniambia somo la mfagiaji analifundisha bado, na anachora yote ubaoni kama zamani, lakini msemo ule hausemi tena. Anafika hapo, anageuka kutazama dirisha, anaendelea na sentensi inayofuata.

Ndipo likaja fagio jipya.

Mwanamke mmoja wa nchi ya baridi, asiyemjua Zaituni wala Palma, alileta mfagiaji mwingine, aliyeandikwa kwa ajili ya mashine za siku hizi zenye vichwa vingi vinavyofanya kazi pamoja. Kilikuwa kipande kizuri. Likiingia hilo, la Zaituni linatoka. Hayawezi kukaa mawili. Na sehemu ile ilikuwa chini ya ulezi wa Profesora. Hakuna ambaye angelipitisha isipokuwa yeye.

Mtu aliyeyajua mazoea yake angesema jibu litatoka wiki hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea wenzake waliong'ang'ania kazi kuukuu kwa heshima ya aliyeiandika. "Msimbo hauna babu," aliwaambia, na msimbo ndilo neno lao kwa maagizo hayo ya mashine. Kipande hakiheshimiwi kwa ukoo wake; kikizidiwa, kinapisha. Aliwahi kufuta kazi yake mwenyewe ya miaka mitatu kwa asubuhi moja, akaenda skola anapiga mluzi.

Safari hii alinyamaza. Yule mwanamke akauliza kwa upole kama kuna kasoro. Profesora akajibu kwamba anapima. Mvua zikaanza, zikakolea. Wakamuuliza tena. Anapima. Nilipopita Palma mwezi ule nilimkuta amekonda.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wanasema wananingoja. Hawajawahi kuningoja, Mjomba. Hawajui wafanye nini na mimi."

"Na vipimo?"

"Vipimo nilimaliza siku ya nne." Akaifunga mashine. "Ni bora. Asubuhi ni bora, mchana ni bora, kwa mashine kubwa na kwa hii yangu mbovu. Na mimi kila nikitaka kuandika neno moja, naona nam'ondoa."

Nilikuwa na mzigo wa kupeleka Mueda, nikaondoka.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa dada, ambaye siku hizi anakaa nje ya mji, ukingoni mwa ghuba ya Tungue, katika shamba la minazi la marehemu baba. Mvua ilikuwa imekatika. Tulikuwa tunakuna nazi tulipomwona Profesora anakuja kwa ule mwendo wake, viatu mkononi, mfuko begani, amejifunga kapulana mpya kama anayekwenda kuposa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Profesora. Umekuja na miguu? Umetoka jana basi!" dada akamtania.

Alicheka kwa heshima tu, akavua kilemba cha mvua, akakaa mkekani. Chai ililetwa hakuinywa. Akauliza habari za kila mtu, mpaka za mbuzi. Kisha akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayesoma maneno aliyoyapanga njiani.

"Mama Zaituni, mimi si mtu wa hapa. Lakini nimekaa nanyi, na mmenifundisha. Nimeona kwenu mnazi una mwenyewe hata kama kiwanja si chake. Na mnazi uliopandwa na marehemu, hata ukizeeka, hata ukiinamia nyumba ya mtu, haukatwi mpaka waulizwe watu wake."

"Ndivyo," dada akasema.

"Basi nimekuja kuuliza."

Akaeleza yote. Alieleza taratibu, bila neno la kigeni, na dada alisikiliza huku mikono ikiwa imeachia mbuzi ya nazi. Alipomaliza, dada aliuliza jambo moja kwanza.

"Hilo la huyo mwanamke ni zuri kweli? Au wamekuchosha?"

"Ni zuri kweli."

"Kuliko la mwanangu?"

"Kuliko la mwanao. La mwanao lilikuwa zuri kuliko yote kwa miaka yake."

"Na Zaituni angekuwa hapa angesemaje?"

"Angenigombeza. Angesema mvua yote hii nilikuwa nangoja nini."

"Eh. Angekugombeza," dada akakubali, na uso wake ukalegea kidogo. "Tena kwa kelele."

Halafu dada akasema, "Mimi sijawahi kuliona."

Profesora akaitoa mashine mfukoni, akaifungua mkekani kati yao. Akaandika maagizo mafupi yatakayozalisha taka nyingi makusudi, ili fagio liwe na kazi. Akabonyeza. Kioo kikakaa cheusi kitambo, kisha chini ikatokea namba, ya muda uliotumika.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Limefagia."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Halina sauti?"

"Halina."

Dada akakitazama kioo. "Rudia," akasema.

Akarudia. Weusi, kitambo, namba.

"Rudia."

Sijui alirudia mara ngapi. Hakuharakisha, wala hakuuliza kama inatosha. Kila namba ilipotokea dada aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeitikia salamu ya kila anayeingia. Mwishoni akajifunika vizuri, akatamka yale yanayotamkwa kwa marehemu, na mimi nikaitikia, na Profesora akapiga ishara yake ya msalaba.

"Mwandikie huyo mwenzio," dada akasema. "Mwambie wenyewe wameulizwa, wameridhia. Na asifikirie palikuwa patupu alipojenga."

"Nitamwambia jina, na lilivyofanya kazi."

"Mwambie."

Upande ule wa Tungue rede, yaani mtandao, huja na kwenda. Profesora aliandika, akatusomea, dada akasema ni sawa. Kisha tukangoja rede ije. Ilipokuja, Profesora aliweka kidole juu ya kitufe, kidole kikabaki hapo. Dada akanyoosha mkono akamshika kiganja. Nilidhani amegeuza nia, anamzuia. Profesora naye alidhani hivyo, akamtazama.

"Haya," dada akamwambia.

Lakini hakumwachia mkono, na Profesora hakuutoa. Wakabonyeza hivyo hivyo.